Mfuko wa Kikosi: Biskuti za Muskogee na Shilingi ya Pasaka

Historia ya vyama vya vijana aghalabu huandikwa kwa majina ya waasisi, kwa rangi za sare na kwa maneno ya viapo. Kitabu cha hesabu husahauliwa. Hasara ya usahaulifu huo si ndogo, maana chama cha hiari huweza kuishi bila wimbo wake na bila bendera yake, lakini hakiwezi kuishi bila bei ya kamba, ya hema, ya nauli na ya kodi ya chumba cha mkutano. Kiongozi wa kikosi hafanyi kazi kwa mshahara. Wazazi wengi hawana ziada. Serikali hailazimiki kutoa kitu. Fedha, basi, itoke wapi? Na ikipatikana, ni mali ya nani: ya kikosi kilichoitokea jasho, au ya makao makuu yaliyokipa kikosi jina? Maswali hayo mawili yamekisumbua chama cha maskauti tangu siku yake ya kwanza, na namna yalivyojibiwa katika nchi mbili, Marekani na Uingereza, ni sehemu ya historia yake isiyopasa kuachwa.

Kambi ya kwanza ya majaribio ilipigwa na Robert Baden-Powell katika kisiwa cha Brownsea, Agosti 1907, kwa vijana kiasi cha 20. Nusu yao walitoka katika shule za matajiri, na nusu walikuwa watoto wa wafanyakazi wa Poole na Bournemouth. Ada ilipangwa kwa kadiri ya uwezo: mtoto wa tajiri alilipa pauni 1, na mtoto wa mfanyakazi shilingi 3 na peni 6. Hata hivyo hesabu haikukaa sawa. Gharama ilifika pauni 55, shilingi 2 na peni 8. Na baada ya ada na michango kuondolewa, palibaki pengo la pauni 24 na zaidi kidogo. Pengo hilo lilizibwa na Saxon Noble, bwana mwenye uwezo ambaye wanawe wawili walikuwa kambini. Kwa hiyo chama kilichokuja kufundisha ulimwengu kujitegemea kilizaliwa na deni, na deni hilo likalipwa kwa hisani. Hili halikitii aibu. Lakini ni vema lijulikane, kwa kuwa mwaka uliofuata kitabu cha Scouting for Boys, kilichotolewa kwa mafungu 6 ya peni 4 kila moja, kilimwagiza skauti awe mwekevu, aweke akiba kila peni aliyoweza, ili asije kuwa mzigo kwa wengine. Kutokana na agizo hilo ilikua desturi ambayo viongozi waliishika kwa nguvu: skauti haombi, skauti hufanya kazi, kisha hupokea.

Desturi ni nyepesi kuitaja na nzito kuifuata. Juliette Gordon Low, aliyekusanya wasichana 18 mjini Savannah, katika jimbo la Georgia, tarehe 12 Machi 1912, akaanzisha kile kilichokuja kuwa chama cha maskauti wa kike wa Marekani, hakuwa na mfuko mwingine isipokuwa wake mwenyewe. Miaka ya mwanzo aliendesha chama kwa mali yake; na ilipopungua, aliuza mkufu wake wa lulu kwa dola 8,000. Husimuliwa pia kwamba aliwahi kwenda katika karamu za matajiri amevaa kofia iliyopambwa kwa karoti na majani ya mboga badala ya maua, na wenye mshangao walipotazama, aliwajibu kwamba hana fedha ya kuitengeneza upya kofia, kwa kuwa kila senti yake imekwenda kwa wasichana. Huo ulikuwa uombaji, ingawa ulivaa kofia. Tena mama mmoja mwenye lulu hawezi kulisha vikosi elfu, na lulu zikiisha hazimei tena shingoni.

Jibu lilitoka mahali ambapo hakuna aliyelitazamia. Desemba 1917, nchi ya Marekani ikiwa vitani tangu Aprili ya mwaka ule, kikosi kimoja cha wasichana katika mji wa Muskogee, jimbo la Oklahoma, kilichoitwa Mistletoe, kilioka biskuti nyumbani na kuziuza katika chumba cha kulia chakula cha shule yao ya sekondari ili kupata fedha za kazi zao za huduma. Tendo lenyewe lilikuwa dogo. Hakuna waraka wa makao makuu ulioliamuru, wala kamati iliyolijadili. Wasichana walikuwa na unga, majiko ya mama zao na wanafunzi wenye njaa, na mambo hayo matatu yalitosha.

Miaka mitano baadaye tendo hilo lilipata hesabu yake. Katika toleo la Julai 1922 la The American Girl, gazeti la chama hicho, Florence E. Neil, mkurugenzi wa chama mjini Chicago, alichapa namna ya kupika biskuti ambayo alikwisha kuwagawia wasichana 2,000 wa mji wake. Siagi kikombe 1, sukari kikombe 1, mayai 2, maziwa vijiko 2, unga vikombe 2, vanila kijiko 1 cha chai, na unga wa kuumulia vijiko 2 vya chai. Alikadiria kwamba vitu hivyo vingegharimu baina ya senti 26 na 36, vikatoa biskuti dazani 6 au 7, na kila dazani ingeuzwa kwa senti 25 au 30.

Hesabu hiyo yafaa kufuatwa kwa kalamu. Bei ikiwa ya chini kabisa na gharama ikiwa ya juu kabisa, dazani 6 kwa senti 25 ni dola 1 na senti 50. Toa senti 36, hubaki dola 1 na senti 14. Mambo yakienda vizuri kabisa, dazani 7 kwa senti 30 ni dola 2 na senti 10. Toa senti 26, hubaki dola 1 na senti 84. Faida hiyo ni zaidi ya mara tatu ya mtaji hata katika hali mbaya, na katika hali njema hufika mara saba. Hakuna duka la Chicago lililopata faida ya namna ile kwa njia ya halali, na msomaji mwenye shaka ana haki ya kuuliza siri yake. Siri ni kwamba hesabu ya Bi Neil haikutia kuni wala gesi, haikutia tanuri, haikutia saa za msichana aliyekata unga, wala za mama aliyesimama nyuma yake ili asiungue. Gharama hizo hazikupotea. Zililipwa na nyumba. Mfuko wa kikosi, uliosemekana kuwa umejazwa na wanunuzi, ulijazwa kwanza na akina mama, ambao majina yao hayakuandikwa katika safu yoyote ya mapato. Si kosa la Bi Neil peke yake. Kila kikosi cha hiari ulimwenguni huweka vitabu kwa njia hiyo, na pengine hakuna njia nyingine, kwa kuwa kiongozi atakayeandika thamani ya kila saa iliyotolewa bure ataona kwamba kikosi chake ni kitu cha ghali mno kisichoweza kuwapo.

Biskuti zilifungwa katika mifuko ya karatasi ya nta na kuuzwa mlango kwa mlango. Kisha ukaja mdororo mkuu wa uchumi. Mwaka 1933 wasichana wa Philadelphia walioka biskuti hadharani, katika madirisha ya kampuni ya gesi na umeme ya mji wao, wapitao njiani wakitazama. Na sanduku la biskuti 44 liliuzwa kwa senti 23, au masanduku 6 kwa dola 1 na senti 24. Ikilinganishwa na bei ya mwaka 1922, biskuti moja ilishuka kutoka senti 2 na zaidi hata karibu na nusu senti. Watu hawakuwa na fedha, lakini walinunua. Na wateja walikuwa wengi hata majiko ya nyumbani yakashindwa. Mwaka uliofuata, 1934, chama cha Philadelphia kikawa cha kwanza kuuza biskuti zilizookwa kiwandani, na mwaka 1936 makao makuu ya taifa yakaanza kuvipa viwanda leseni. Mwaka 1937 matawi zaidi ya 125 yalikuwa yakiuza.

Hapa ndipo mambo yalipogeuka. Kiwanda kilimpunguzia mama kazi, lakini pia kilibadili mgawanyo. Katika jiko la Muskogee faida yote ilikuwa ya kikosi. Katika sanduku la kiwandani mwokaji ana sehemu yake, tawi la mkoa lina sehemu yake, na makao makuu hupata ada ya leseni kwa waokaji. Kikosi kilichosimama katika baridi mbele ya duka hupata sehemu ndogo, ambayo kwa kawaida ni baina ya asilimia 10 na 20 ya bei. Wapo wanaoona huo ni unyang'anyi. Watetezi hujibu kwamba tawi ndilo linalotunza viwanja vya kambi, kufundisha viongozi na kulipia wasichana wasio na uwezo, na kwamba kikosi cha mtaa maskini kisingepata chochote kama kila kikosi kingekula cha kwake tu. Majibu hayo yana haki ndani yake, kwani mtaa wenye wanunuzi wengi huzaa kikosi chenye mfuko mnene bila ya wasichana wake kuwa hodari kuliko wengine. Lakini wasiwasi hauondoki. Mtoto aliyeuza masanduku 100 anajua alichouza, ila hajui vema kimekwenda wapi, na hilo ni upungufu katika shule inayodai kumfundisha matumizi ya fedha.

Katika vita vya pili, sukari, unga na siagi vilipoadimika, wasichana waliuza kalenda, na vita vilipokwisha wakarudi kwenye biskuti. Siku hizi huuzwa kiasi cha masanduku milioni 200 kwa mwaka, nazo huokwa na makampuni mawili. Swali la kwamba biskuti zimetengenezwa kwa nini limewafikia pia: mwaka 2007 wasichana wawili wa Michigan, waliokuwa wakisoma habari za orangutani, waligundua kwamba mafuta ya mawese yanayoharibu misitu ya nyani hao yamo katika biskuti wanazouza, wakaanza kukishtakia chama chao chenyewe, na mwaka 2011 chama kikatangaza masharti juu ya mafuta hayo.

Uingereza ilishika njia nyingine, nayo ilifuata desturi ya kale kwa ukamilifu zaidi. Baden-Powell alikuwa amekwisha kuzikwa Nyeri, alikofariki tarehe 8 Januari 1941, wakati chama chake kilipotangaza, kwa juma la Pasaka la mwaka 1949, juma la kazi kwa shilingi. Shilingi kwa lugha ya mitaani ya Waingereza iliitwa "bob", na juma likaitwa "Bob-a-Job". Nchi ilikuwa bado katika dhiki ya baada ya vita, vyakula vingi vikipimwa kwa kadi. Hata peremende ziliachiliwa huru tarehe 24 Aprili ya mwaka uleule, zikafungwa tena mnamo Agosti. Katika nchi ya namna hiyo vijana walibisha hodi wakiuliza kama iko kazi. Walipasua kuni, walisugua viatu, waliosha magari, walipalilia bustani. Wakalipwa shilingi, wakaacha karatasi ndogo ya kubandika dirishani kuonyesha kuwa kazi imekwisha kufanywa, ili mwenzao asije kubisha tena.

Uzuri wa mpango huo ni kwamba hauhitaji mtaji, wala kiwanda, wala leseni. Udhaifu wake ni shilingi yenyewe, ambayo haikuwa kipimo cha kitu. Mwenye moyo alitoa shilingi 5 kwa kung'arisha kengele ya mlango. Mwenye choyo aliweza kumweka mtoto nusu siku katika bustani yenye magugu ya miaka mitatu, akampa shilingi 1, tena akajihesabu kuwa mfadhili. Kijana hakuwa na haki ya kugombana, kwa sababu alikuja kwa jina la hiari. Inawezekana kwamba somo hilo la ujira lilikuwa la kweli kuliko lile lililokusudiwa.

Juma hilo liliishi muda mrefu kuliko fedha iliyolipa jina. Tarehe 15 Februari 1971 Uingereza iliacha hesabu ya shilingi na peni 12, jina likabadilishwa. Na katika miaka ya 1990 hofu ya usalama wa watoto na ya madai ya bima ikalimaliza, mpaka lilipofufuliwa kwa sura mpya mwaka 2012. Upande wa Afrika Mashariki shilingi ilibaki. Ilianza kutumika mwaka 1921, nayo mwaka 1949 ilikuwa sawa kwa thamani na ile ya Uingereza, 20 kwa pauni. Na mwaka 1966 Kenya, Uganda na Tanzania zikaanza kutoa kila moja ya kwake. Katika mitaa ya Nairobi kijana anayeosha magari hutaja ujira wake kwa bob hata leo, neno lililokwisha kutoka katika masoko ya London. Na kwa bob moja haoshi hata kioo.