Ukumbi Usio na Kuta: Sinema katika Mashamba ya Chai ya Kericho na Bomet

Historia ya sinema nchini Kenya aghalabu huandikwa kwa kufuata majengo. Majumba ya Globe na Odeon jijini Nairobi yalikoma kuonyesha filamu, ila majina yao yangali vinywani mwa makanga na abiria. Mwenye kuitafuta historia hiyo katika nyanda za chai, tangu Kericho hadi Bomet, hana jengo la kuanzia. Huko sinema ya mtaa ilikuwa uwanja wa kambi, kitambaa cheupe na gari lenye jenereta. Gari lilipoondoka, ukumbi uliondoka nalo.

Sinema ya namna hii ilizaliwa shambani, tena kwa nia ya mwajiri. Mnamo 1926 Meja Notcutt, aliyesimamia mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, alifikiri kwamba sinema ingesaidia kuwatuliza wafanyakazi. Wazo hilo ndilo lililozaa Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu, lililoendeshwa kutoka Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937. Filamu 35 zilitengenezwa na kutembezwa kwa lori hadi Kenya na Uganda. Moja ilihusu siku ya mshahara: anayefukia fedha zake ardhini anaibiwa, ilhali mwenzake aliyeziweka katika Benki ya Akiba ya Posta anasalimika. Kuhusu ukubwa wa mshahara wenyewe, filamu haikuwa na hoja.

Jina la mradi lilitosha kuonyesha jinsi hadhira ilivyoeleweka vibaya. Kericho ni nchi ya Wakipsigis, na miongoni mwa vibarua walikuwamo Wajaluo, Abagusii na Abaluhya. Wabantu walikuwa sehemu tu ya watu hao. Kampuni ya Brooke Bond ilikuwa imeingia mwaka 1924, na mwaka 1934 sheria ya kikoloni iliwahamisha Watalai kwa nguvu hadi Gwassi. Uwanja ambapo kitambaa kilitundikwa ulikuwa sehemu ya ardhi iliyogombaniwa, na Kiswahili cha kambini kilikuwa lugha ya watu waliokutanishwa na kazi.

Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoundwa London mwaka 1939, kiliongeza dharau nyingine. William Sellers alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi. Kwa hiyo filamu zikafanywa za polepole, na nyingi zikawa bubu. Ububu huo ndio uliofungua mlango asioutarajia mtengenezaji. Kando ya kitambaa alisimama mtu mwenye kipaza sauti, akieleza, akitafsiri, akijibu kelele za watazamaji. Huyu alikuwa fanani kwa maana kamili ya istilahi hiyo: alikuwa na hadhira hai mbele yake, na matini aliyopewa ilikuwa kiunzi tu cha utendaji wake. Huko Dar es Salaam, miongo kadhaa baadaye, Lufufu alijipatia umaarufu kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na hakuna aliyetilia shaka kwamba watu walikwenda kumsikiliza yeye.

Hapa ndipo uhakiki wetu umezembea. Filamu za kikoloni zilizosalia zimehifadhiwa Uingereza na kujadiliwa kwa kina, kana kwamba picha zile ndizo zilizopokewa na mchuma chai. Alichopokea ni picha pamoja na sauti, na sauti ile haimo katika mkebe wowote wa filamu.

Televisheni na video zilipoingia katika kumbi za kambi, gari halikuhitajika tena. Kambi zenyewe sasa zinapungua watu: mashine za kuchuma chai zimechukua nafasi za wengi, na mfanyakazi anayestaafu hutakiwa kuiacha nyumba ya kampuni, akaenda na kumbukumbu zake Nyanza, Kisii au Magharibi. Mtafiti anayetaka kuwahoji itambidi awafuate huko, na swali lake la kwanza lisiwe walitazama filamu gani, bali nani alishika kipaza sauti, na alisema nini.