Jumamosi njiani, siku ya Mungu kanisani: nani alitembeza Injili kwetu?

Leo tunazungumza historia. Siku ya Mungu asubuhi tunaingia kanisani na kukuta mtu amekwisha kusimama mbele kutuongoza katika sala. Mtu huyo alitoka wapi? Jumamosi alipita njia gani? Wazee wanajua jibu, lakini vitabu vingi havikuliandika.

Tuanzie kwa vijana ambao baadhi yenu mmewaona Kinshasa, Lubumbashi, Kampala ao Nairobi. Wanatembea wawili wawili, wavulana wamevaa shati nyeupe na tai, na kila mmoja ana kibandiko cheusi cha jina kifuani. Ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo watu wengi wanaliita la Wamormoni. Kanisa hilo lilipata ruhusa ya serikali ya Zaire mwaka wa 1986, na mwaka uliofuata misheni yake ikafunguliwa Kinshasa. Mwezi wa 4 mwaka wa 2019 likazindua hekalu lake katika mji huo huo.

Mvulana anatumwa kwa miezi 24, msichana kwa miezi 18. Tangu mwaka wa 2012 mvulana anaweza kuanza akiwa na miaka 18 tu, na hata hivyo cheo chake kwa Kiswahili ni "Mzee". Hachagui mahali pa kwenda wala mwenzake wa kutembea naye. Anapokea barua, anafunga mizigo, na hata akiisha kuzoea mtaa mmoja anaweza kuhamishwa kwenda mwingine. Wawili hao hawaachani njiani.

Mwisho wa juma ndio wakati wao wa kazi nyingi. Jumamosi watu wako nyumbani, kwa hiyo vijana wanazunguka kutoka mlango hadi mlango, wanafundisha, na mara nyingine kunakuwa ubatizo. Siku ya Mungu asubuhi wanapita tena kwa wale waliowaahidi, ili waende nao ibadani, ambapo wanashiriki mkate na maji. Baada ya ibada wanarudi barabarani. Siku ya kufua nguo na kwenda sokoni ni jumatatu. Zamani walikuwa wakipiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka. Tangu mwezi wa 2 mwaka wa 2019 wanaruhusiwa kuzungumza na wazazi kila juma. Mama yeyote ambaye mtoto wake yuko mbali anaelewa uzito wa simu hiyo.

Ukitazama vizuri, mambo haya si mageni kwetu. Wababu zetu waliona watu wa namna hiyo: kijana kutoka mbali, kitabu mkononi, hajui lugha, hajui kilima kinachofuata. Mwaka wa 1906 mapadri wa Moyo Mtakatifu walianzisha misheni ya Beni, wakati bonde la Semliki lilikuwa likiteswa na ugonjwa wa malale. Mwaka wa 1929 wakafika mapadri wa Asunsyo kutoka Ulaya. Mkuu wao, Henri Piérard, akawa baadaye askofu wa kwanza wa jimbo la Beni, lililoanzishwa mwaka wa 1959, na ambalo tangu mwaka wa 1967 linaitwa Butembo-Beni. Kwa upande wa Waprotestanti, Paul Hurlburt, mtoto wa Charles Hurlburt wa Africa Inland Mission, alileta kazi ya misheni kati ya Wanande mwishoni mwa miaka ya 1920. Katwa, karibu na Butembo, ikawa kituo kikubwa, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa kanisa la Wabatisti tunalolijua leo kama CBCA. Waadventista nao wana Lukanga, katika teritware yetu ya Lubero. Kwao jumamosi si siku ya safari, ni siku yenyewe ya ibada.

Majina ya wageni yameandikwa. Lakini fikirini nchi yenyewe: milima, mabonde, mvua, na makanisa madogo yaliyotawanyika mbali na misheni. Mapadri walikuwa wachache. Padri alifika kwenye kanisa la kijiji kwa zamu, akabatiza, akasikiliza maungamo, akafungisha ndoa, kisha akaendelea na safari. Mizigo yake ilibebwa kwa kichwa na watu wa hapa. Wakati wa ukoloni, mzungu aliyechoka ao kuugua aliweza kubebwa kwa kipoyi, kama tunavyobeba mgonjwa hata leo pale ambapo gari halifiki. Padri akiisha kuvuka kilima, nani alibaki na watu?

Alibaki katekista. Kwa Waprotestanti alibaki mwalimu ao mwinjilisti. Mtu huyo alikuwa mkulima kama wengine. Katikati ya juma alikuwa shambani. Jumamosi aliweka jembe chini mapema, akaenda kufundisha wanaojitayarisha kwa ubatizo, akapita kwa wagonjwa, akapatanisha majirani waliogombana. Kama alikuwa na kanisa la pili upande wa pili wa bonde, alilala huko. Siku ya Mungu aliongoza sala, akasoma Neno, akaeleza kwa Kinande yale yaliyoandikwa kwa Kiswahili, kisha akarudi nyumbani kwa mguu. Juma lililofuata alianza upya. Huyo hakuwa na miezi 24. Wengi walifanya kazi hiyo mpaka uzee.

Kazi yao ilionekana zaidi pale wageni walipoondoka. Mwaka wa 1964 waasi wa Simba walifika mpaka Beni na Butembo, na katika sehemu nyingi za mashariki wamisionari waliuawa, walifungwa ao walikimbia. Tukumbuke pia safari ya mwisho wa juma mmoja wa mwaka huo, kaskazini ya kwetu. Siku ya Mungu tarehe 29 mwezi wa 11, waasi waliwapakia masista wa Bafwabaka ndani ya lori. Kati yao alikuwemo Anuarite Nengapeta, mwenye miaka 24. Walipelekwa mpaka Isiro, na usiku wa kuamkia tarehe 1 mwezi wa 12 akauawa. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenyeheri pale Kinshasa, tarehe 15 mwezi wa 8 mwaka wa 1985. Yeye hakuwa mgeni, alikuwa binti wa Wamba.

Mambo ya namna hiyo yalirudi mwezi wa 9 mwaka wa 1991, wakati wa uporaji wa Kinshasa. Wageni wengi waliondoka nchini, na kazi ya makanisa ikabaki mikononi mwa Wakongomani wenyewe. Lakini ibada ziliendelea, kwa sababu wale waliozoea kutembea jumamosi walikuwa bado wapo.

Kuna pia safari ambayo mtumishi haitaki. Emmanuel Kataliko, mwana wa nchi hii, aliongoza jimbo la Butembo-Beni tangu mwaka wa 1966 mpaka 1997, alipotumwa Bukavu kuwa askofu mkuu. Mwezi wa 2 mwaka wa 2000, viongozi wa uasi wa RCD walimkataza kurudi Bukavu, wakamlazimisha kukaa Butembo, kwa sababu alisema waziwazi juu ya mateso ya watu. Alikaa miezi 7. Aliruhusiwa kurudi mwezi wa 9, na tarehe 4 mwezi wa 10 akafariki Roma. Alikuwa kwao, kati ya watu waliomlea, lakini alikuwa uhamishoni. Wengi wenu mnaolala leo kwa jamaa huko Butembo mnajua maana yake: unaweza kupokewa vizuri, ukapewa chakula na kitanda, na bado moyo ukawa njiani.

Ndiyo maana historia hii inatuhusu sasa. Barabara ya taifa namba 2, inayopita Kanyabayonga, Kayna, Kirumba, Lubero, Butembo mpaka Beni, ndiyo iliyopitisha mapadri, wachungaji, masista, vitabu na dawa. Mwisho wa mwezi wa 6 mwaka wa 2024, M23 ilipoingia Kanyabayonga na kisha Kirumba, barabara hiyo hiyo ilijaa wamama wenye magodoro kichwani, chukudu zilizobeba sufuria, na wazee walioshikwa mkono. Ilikuwa mwisho wa juma pia. Makatekista na wachungaji walikuwa ndani ya msafara huo, si kama wajumbe waliotumwa, bali kama wakimbizi. Hata hivyo, pale watu walipofikia, katika darasa la shule ao uwanja wa parokia, sala ilianza, na aliyeianzisha mara nyingi alikuwa mtu ambaye naye alikuwa amelala chini usiku ule.

Ila kuna hatari moja isiyopiga kelele. Kijiji kikihama, majina yanapotea. Daftari za ubatizo zinabaki nyuma, zinaloa ao kuungua. Wazee wanaojua katekista wa kwanza wa kanisa lao alikuwa nani wanafariki mbali na kijiji chao, na mtoto anayezaliwa mahali pa ukimbizi hatasikia jina hilo kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo tunaomba kila jamaa jambo dogo. Chukueni daftari ya shule. Andikeni kanisa mlilosalia, kijiji, jina la katekista ao mwalimu wenu, makanisa aliyozunguka, na njia aliyopita jumamosi. Kama mna karatasi ya ubatizo, itunzeni ndani ya mfuko usiopenya maji. Si cheti cha kuzaliwa cha serikali, lakini ina tarehe na majina ya wazazi, na mtu aliyepoteza kila kitu anahitaji pa kuanzia. Kama mzee wenu anakumbuka lakini hajui kuandika, kijana akae karibu naye jioni, amuulize polepole, aandike kama anavyosikia. Vijana wanaozunguka na vibandiko vya majina kifuani wanajulikana kila wanapofika. Wale waliozunguka milima ya Lubero hawakuwa na vibandiko, na majina yao yako vichwani mwa wazee mnaoishi nao leo chini ya paa moja.