Barua za Wasomaji wa Japani: Karne Tatu za Maoni ya Raia

Desturi ya raia wa kawaida wa Japani kuandika maoni yake kuhusu mambo ya nchi na kuyapeleka yasomwe iliyatangulia magazeti ya kila siku kwa karibu miaka 150. Mwaka 1721 Tokugawa Yoshimune, shoguni (mtawala wa kijeshi) wa nane wa ukoo wa Tokugawa, aliamuru sanduku liwekwe nje ya baraza kuu la hukumu mjini Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Sanduku lilitolewa siku tatu kila mwezi. Mwenye duka, fundi au mkulima aliruhusiwa kutumbukiza humo ushauri wake, au malalamiko kuhusu maofisa waliomdhulumu. Lilifungwa kwa kufuli likapelekwa ndani ya kasri, na shoguni mwenyewe ndiye aliyelifungua. Sharti lilikuwa moja: mwandishi ataje jina lake na mahali anapokaa. Barua isiyo na jina ilichomwa moto bila kushughulikiwa.

Sanduku halikuwa la mapambo. Tabibu mmoja wa mjini, Ogawa Shosen, aliandika kwamba maskini wa Edo wanakufa kwa kukosa matibabu na watu wa kuwauguza. Mwaka 1722 serikali ikafungua hospitali ya bure katika bustani ya mitishamba ya Koishikawa, nayo ikatibu maskini hadi utawala wa mashoguni ulipoanguka, zaidi ya miaka 140 baadaye. Kisima chake kipo hata leo ndani ya bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Tokyo. Yamashita Konai, samurai asiye na bwana, aliandika barua ya kuzikosoa vikali sera za kubana matumizi za Yoshimune mwenyewe. Hakuadhibiwa, bali alisifiwa kwa ujasiri wake. Watawala wengi waliokuja baadaye, wenye katiba na mabunge, hawakuufikia uvumilivu huo.

Hata hivyo sharti la jina liligawa maoni ya watu sehemu mbili. Kulikuwa na maoni yaliyofuata njia halali, yenye jina na anwani, na kulikuwa na mengine yaliyopita gizani. Tangu zamani Wajapani walikuwa wakibandika au kuangusha barabarani beti za kejeli zisizo na mwenyewe. Andiko moja la aina hiyo lililowekwa kando ya mto mjini Kyoto mwaka 1334, la kuidhihaki serikali mpya ya Mfalme Go-Daigo, bado linafundishwa shuleni. Njia hizo mbili zimeendelea kwenda sambamba, na kila utawala umeishughulikia kila mojawapo kwa namna yake.

Magazeti yalipoanza baada ya mapinduzi ya Meiji ya 1868, yaliyouondoa utawala wa mashoguni, barua za wasomaji zilikuwa sehemu ya moyo wake. Gazeti la kwanza la kila siku kwa Kijapani lilitoka Yokohama mwishoni mwa mwaka 1870 kwa kalenda ya zamani. Posta ya kisasa ilianza 1871, na kadi za posta zikafuata 1873. Magazeti hayakuwa na waandishi wa habari wa kutosha, basi barua kutoka mikoani ndizo zilizojaza kurasa, na kwa miaka kadhaa serikali yenyewe iliruhusu maandishi yanayopelekwa magazetini yasafirishwe bila malipo. Ilitaka raia wajue mambo ya ulimwengu na kuzungumzia maendeleo. Vijijini palianzishwa vyumba vya kusomea magazeti, na asiyejua kusoma alisomewa.

Magazeti makubwa yaliandikwa kwa lugha nzito ya wasomi na yalihusu siasa. Yomiuri Shimbun, lililoanzishwa Tokyo Novemba 1874, lilichukua njia nyingine. Liliandika kwa lugha ya mtaani na kuweka alama za matamshi kando ya herufi za Kichina ili hata mwenye elimu ndogo asome, kisha likawaomba wasomaji waandike. Wakaandika kweli: wenye maduka, watumishi, wanawake, wanafunzi. Walisema bei ni mbaya, maofisa wana kiburi, na desturi mpya za kigeni zinafaa au hazifai. Baadhi ya waandishi wa barua walipata umaarufu kuliko wahariri, na wengine wakaajiriwa na magazeti hayohayo.

Serikali ilikuwa imewaalika watu waseme. Waliposema siasa, iliogopa. Januari 1874 Itagaki Taisuke na wenzake walipeleka ombi la kuundwa bunge la kuchaguliwa na wananchi, na ombi hilo likachapishwa katika Nisshin Shinjishi, gazeti la Mskoti John Reddie Black. Barua za kuliunga mkono na kulipinga zikamiminika katika magazeti mengine. Juni 1875 zikatoka sheria mbili, moja ya magazeti na nyingine ya kashfa. Hapo lile sharti la zamani likarudi likiwa na meno: anayeandika maoni gazetini ataje jina lake halisi na anwani, na lakabu ni kosa. Wahariri na waandishi wa barua walianza kwenda jela pamoja.

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi hali hiyo ni cha Ueki Emori, kijana wa miaka 19 kutoka Tosa katika kisiwa cha Shikoku. Aliipelekea Yubin Hochi Shimbun barua iliyosema kwamba mtu hutofautiana na mnyama kwa kufikiri na kusema, kwa hiyo serikali inayomziba mtu kinywa inamgeuza kuwa nyani. Gazeti likaipa barua hiyo kichwa cha habari kikali kuliko alichokiandika yeye. Machi 1876 akahukumiwa kifungo cha miezi miwili. Alitoka gerezani akiwa imara zaidi, na mwaka 1881 aliandika rasimu ya katiba iliyompa raia haki ya kuipinga serikali inayomkandamiza. Rasimu yake haikukubaliwa. Katiba iliyotangazwa 1889 ilikuwa zawadi ya mfalme kwa raia wake, na katika uchaguzi wa kwanza wa 1890 wenye haki ya kupiga kura walikuwa wanaume wapatao 450,000 tu, kiasi cha asilimia moja ya watu wote. Kwa asilimia 99 iliyobaki, kalamu na stempu ndizo zilizokuwa kura.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba maoni ya wasomaji yalikuwa siku zote upande wa haki na amani. Vita vya Japani na Urusi vilipokwisha kwa mkataba wa Portsmouth, Septemba 1905, wasomaji walighadhibika kwamba nchi iliyomwaga damu nyingi haikulipwa fidia hata yeni moja. Barua za hasira zilichapishwa kila siku, zikidai mkataba ukataliwe na vita viendelee. Tarehe 5 Septemba umati uliokusanyika katika bustani ya Hibiya, Tokyo, ulifanya ghasia zilizoteketeza vituo vingi vya polisi, ukaishambulia ofisi ya Kokumin Shimbun, gazeti lililoutetea mkataba, na watu 17 wakafa. Sauti ya umma ilikuwa imepatikana, nayo ilikuwa ikidai damu zaidi.

Miaka iliyofuata ilipanua mlango kwa watu wengine. Mwaka 1914 Yomiuri ilianzisha safu ya wasomaji wanaoomba ushauri wa maisha. Safu hiyo ingalipo, ingawa jina lake limebadilika, na kwa muda mrefu ilikuwa mahali pa nadra ambapo mwanamke wa Japani aliweza kusema hadharani kwamba ndoa yake inamuumiza. Majarida ya wanawake yalichapa barua kuhusu elimu, kazi na haki ya kupiga kura, haki ambayo wanaume wote wenye umri wa miaka 25 na zaidi waliipata 1925 na wanawake wakanyimwa.

Kisha jeshi likateka mambo ya nchi. Baada ya Japani kuivamia Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, mwaka 1931, magazeti yaligundua kwamba vita vinauza, na wasomaji wakashirikishwa kwa michango na mashindano. Askari watatu walipokufa kwa mlipuko karibu na Shanghai mwaka 1932 na kusifiwa kuwa mashujaa waliojitoa mhanga, magazeti ya Asahi na Mainichi yaliwaomba wasomaji watunge nyimbo za kuwasifu. Tungo zaidi ya 200,000 zilipokewa. Mshindi wa Mainichi alikuwa mshairi Yosano Tekkan, ambaye mkewe, Yosano Akiko, alikuwa amechapisha mwaka 1904 shairi maarufu la kumsihi mdogo wake asife vitani. Wasomaji waligeuzwa pia kuwa fimbo. Mwaka 1933 Kiryu Yuyu, mhariri wa Shinano Mainichi huko Nagano, aliandika tahariri kwamba mazoezi ya kuilinda Tokyo dhidi ya ndege ni upuuzi, kwani ndege za adui zikishafika juu ya mji wa nyumba za mbao, nchi imekwisha kushindwa vita. Chama cha askari wa akiba kilitishia kulisusia gazeti, naye akalazimika kuondoka. Mwaka 1945 Tokyo iliteketea kama alivyosema.

Mtunzi wa senryu, shairi fupi la kejeli ambalo hadi leo wasomaji hulitumia kuzungumzia habari za siku, aliweza kulipa kwa uhai wake. Tsuru Akira, aliyetunga senryu za kupinga vita, alikamatwa Desemba 1937 na kufa Septemba 1938 akiwa bado mikononi mwa polisi, umri wake miaka 29. Maoni halisi yakarudi gizani. Polisi wa fikra walikusanya barua zisizo na jina zilizotumwa kwa maofisa na maneno yaliyochorwa kwenye kuta za vyoo na viwanda, wakayanakili katika taarifa zao za siri za kila mwezi. Yalilaani njaa, matajiri, serikali, na wakati mwingine mfalme mwenyewe. Kwa hiyo mengi ya maoni yaliyopigwa marufuku yamehifadhiwa na walewale waliotaka kuyafuta.

Japani iliposalimu amri Agosti 1945, watu waliandika kana kwamba bwawa limebomoka. Mwishoni mwa mwezi huo Waziri Mkuu Higashikuni aliwaalika raia wamwandikie moja kwa moja, na barua zikamfikia kwa mamia kila siku. Katika mwaka huohuo Asahi ilianza kuchapa safu ya barua iitwayo Koe, yaani Sauti, ambayo haijakoma hadi leo. Wengi zaidi walimwandikia mtawala mpya, Jenerali Douglas MacArthur. Katika miaka ya ukaliaji wa Wamarekani alipokea barua zipatazo 500,000 kutoka kwa Wajapani, nyingine za shukrani, nyingine za kuwashitaki viongozi wa vijiji, nyingine za wake na mama waliowaombea wafungwa wao. Lakini uhuru huo ulikuwa na mipaka yake. Ofisi ya udhibiti ya Wamarekani ilikagua magazeti kabla ya kuchapwa, ikafungua mamilioni ya barua za watu binafsi, na kuzuia mengi yaliyohusu mabomu ya Hiroshima na Nagasaki.

Tunda kubwa la kipindi hicho lilitoka kwa wanawake. Walipiga kura kwa mara ya kwanza Aprili 1946, na wanawake 39 wakachaguliwa kuingia bungeni. Mwaka 1951 Asahi ilianzisha Hitotoki, safu ya barua za wanawake peke yao. Waandishi wake wengi walikuwa akina mama wa nyumbani, wasiokuwa na jukwaa lolote lingine. Walisimulia bei ya mchele na ugomvi na mama mkwe, na kutoka hapo wakafika kwenye vita vilivyowaua waume na watoto wao. Mwaka 1955 waandishi wa safu hiyo waliunda chama cha Kusa no Mi. Walikutana, wakasoma pamoja, wakaandamana kupinga vita, na chama kikadumu karibu miaka 50. Hakuna ushahidi bora kwamba barua gazetini inaweza kumtoa mtu jikoni hadi barabarani. Wakati huohuo, baada ya jaribio la bomu la Marekani huko Bikini tarehe 1 Machi 1954 kuwanyeshea majivu yenye mnururisho wavuvi wa meli ya Kijapani, wanawake wa kata ya Suginami, Tokyo, walikuwa mstari wa mbele katika kukusanya sahihi dhidi ya silaha za nyuklia. Kufikia 1955 sahihi nchini kote zilipita milioni 30.

Mwaka 1960 Waziri Mkuu Kishi Nobusuke, akikabiliwa na maandamano dhidi ya mkataba wa ulinzi na Marekani, alisema anazisikiliza sauti za wale wasiosema. Mwalimu wa sanaa Kobayashi Tomi alimjibu tarehe 4 Juni kwa kubeba bango barabarani lililowaalika wasiosema wote waungane naye. Alianza na mwenzake mmoja. Wapita njia wakajiunga kwa mamia. Kishi alijiuzulu mwezi uliofuata, ingawa mkataba ulipita.

Kazi iliyo ya thamani kuliko zote katika historia hii ilifanyika baadaye. Kuanzia Julai 1986 hadi Agosti 1987 Asahi iliwaomba wasomaji waandike walichokiona vitani. Barua zipatazo 4,000 zilifika, na zaidi ya 1,000 zikachapishwa. Askari wazee walikiri mauaji waliyoyafanya China. Wengine waliwakanusha, na watoto wa marehemu wakauliza kwa nini baba zao hawakusema. Japani haikuwa na tume ya ukweli ya taifa. Barua hizo zilifanya sehemu ya kazi ya tume kama hiyo.

Barua zinazochapwa leo katika Asahi, Yomiuri na Mainichi kwa kawaida huambatana na jina la mwandishi, mkoa au mji wake, kazi na umri. Mpangilio huo humwezesha msomaji kupima maneno kwa kumjua msemaji, lakini unamwogofya mwenye mwajiri mkali au majirani wenye maneno. Februari 2016 mama mmoja alitumia njia ile nyingine. Aliandika kwenye intaneti bila jina, kwa maneno makali, kwamba mtoto wake amekosa nafasi katika kituo cha kulelea watoto na yeye atapoteza kazi. Andiko liliposomwa bungeni, Waziri Mkuu Abe Shinzo alijibu kwamba haliwezi kuthibitishwa kwa kuwa halina jina. Akina mama wengine wakasimama mbele ya bunge na mabango yaliyosema kwamba wao ndio waliokosa nafasi, na tarehe 9 Machi sahihi zaidi ya 27,000 zikakabidhiwa kwa waziri wa afya. Kabla mwezi haujaisha wizara ilitangaza hatua za dharura. Watoto waliokuwa wakisubiri nafasi walikuwa 26,081 mwezi Aprili 2017. Kufikia Aprili 2022, kwa kuongezwa vituo na pia kwa kupungua kwa watoto wanaozaliwa, walibaki 2,944.