Kabla Hewa Haijafika Motoni

Katika shamba la migomba la babu yangu, upande wa Karagwe unaopakana na Kyerwa, jembe hugonga mawe meusi, mazito, yenye matundu kama mkate uliochachuka. Tulipokuwa watoto tuliyarushia ndege. Babu alitukataza. "Hayo ni mavi ya chuma," alisema. "Watu walipika chuma hapa kabla baba yangu hajazaliwa. Msiyatupe ovyo."

Niliyakumbuka mawe yale miaka mingi baadaye, siku binamu yangu alipouza mashine yake kwa kilo, kama chuma chakavu.

Binamu yangu ni mhandisi wa mitambo. Alisomea Dar es Salaam, akarudi nyumbani na wazo moja. Kwetu kahawa ya maganda huanikwa juani, na mvua ikija bila taarifa watu hukimbia na maturubai huku na huku. Kahawa iliyolowa huota ukungu, na ukungu hushusha bei. Alitengeneza tanuri la kukaushia linalotumia makapi ya kahawa yenyewe kama kuni, na feni ya kusukuma hewa ya moto kupitia kwenye trei. Msimu wa kwanza lilikausha magunia kadhaa vizuri sana. Nililiona kwa macho yangu.

Msimu wa pili mota ya feni iliungua. Karakana iliyokuwa karibu iliweza kuchomelea mageti, si kusawazisha feni. Mteja mmoja mkubwa aliuliza kampuni imesajiliwa kwa jina gani, haikuwa imesajiliwa. Mkopeshaji aliuliza dhamana. Shamba lilikuwa la ukoo. Kila swali lilikuwa dogo, na kila moja lilimla mwezi mzima. Msimu wa tatu haukufika. Leo anauza simu na vifaa vyake, na anafanya vizuri, lakini ukimtajia tanuri anabadilisha mazungumzo.

Mimi sikusoma uhandisi, nilisoma historia. Kwa hiyo nilifanya ninachokijua: nilirudi nyuma.

Mwaka 1978 jarida la Science la Marekani lilichapisha makala ya mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery kuhusu chuma cha Wahaya, majirani zetu wa upande wa ziwani. Waliandika kwamba karibu miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita watu wa ukanda huu walikuwa na matanuri ya ufundi wa hali ya juu. Mabomba ya udongo yanayopeleka hewa kutoka kwenye mivukuto hayakuishia ukingoni mwa tanuri, bali yaliingia hadi ndani. Kwa maelezo yao, hewa ilipashwa moto ikiwa njiani, kabla haijagusa makaa, na hivyo haikupoza tanuri. Wataalamu wengine wa metali wamebishana nao kuhusu kiasi cha joto lililopatikana kwa njia hiyo. Lakini kwamba Kagera ilikuwa na wahandisi wake, hilo halina ubishi tena.

Kilichonigusa zaidi ni namna walivyolifahamu jambo hilo. Mwaka 1976 Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tanuri upya. Baadhi yao walikuwa wameiona kazi hiyo ujanani, lakini hakuna aliyekuwa ameifanya kwa miongo mingi. Walijua udongo wa kichuguu unafaa kwa kujengea. Walijua shimo la tanuri hujazwa matete ya bwawani yaliyochomwa. Hata hivyo walilazimika kujaribu, kukosea na kubuni upya, kwa sababu ujuzi uliokaa kichwani bila kutumika huliwa kidogo kidogo. Chuma kilipatikana hatimaye, ila kizazi kimoja tu kilikuwa kimesalia kati ya ujuzi ule na kaburi.

Ulikaribia kufa vipi, wakati ulidumu karne nyingi? Jibu moja liko Karagwe, Bweranyange, uliokuwa mji mkuu wa wafalme wetu. Katika falme za maziwa makuu nyundo na fuawe zilikuwa alama za utawala. Simulizi humtaja Mfalme Ndagara kuwa mhunzi yeye mwenyewe. Mwanawe Rumanyika ndiye aliyempokea Speke mwaka 1861, na Stanley mwaka 1876. Stanley alionyeshwa nyumba ya hazina ya mfalme, akaeleza sanamu za bata za shaba na ng'ombe za shaba nyekundu. Kazi za namna hiyo hazifanywi na mtu anayehangaikia chakula cha jioni. Nyuma yake kuna mlinzi, kuna mteja wa uhakika, na kuna muda wa kukosea.

Baada ya Rumanyika ufalme uliingia kwenye ugomvi wa urithi. Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe. Ukoloni ukaingia, na majembe ya viwandani kutoka ng'ambo yakajaa sokoni. Udongo wenye chuma ulibaki, miti ya makaa ilibaki, wazee walibaki. Kilichoondoka ni kile kilichokuwa kimewazunguka mafundi.

Sisemi turudishe wafalme. Mhunzi wa mfalme alikuwa na kivuli, lakini hakuwa huru kutoka kivulini. Ninachosema ni kwamba ujuzi peke yake haukuwahi kutosha, hata enzi hizo.

Kitu hicho kinachowazunguka mafundi kina jina leo: kituo atamizi. Jina hilo limetoka kwa kuku, na si kwa mafumbo tu. Mwaka 1959, katika mji wa Batavia, jimbo la New York, kiwanda kikubwa cha zana za kilimo kilikuwa kimefungwa na kuacha maelfu bila kazi. Familia ya Mancuso ililinunua jengo lile. Joseph Mancuso, aliyepewa kulisimamia, hakumpata mpangaji mmoja wa kulijaza lote, akaamua kuligawa kwa biashara ndogo ndogo, akizipa huduma za ofisi za kushirikiana, ushauri, na msaada wa kutafuta mtaji. Mmoja wa wapangaji wa mwanzo alikuwa mfugaji wa vifaranga. Mancuso akawa anatania kwamba na yeye anaatamia, ila yake ni makampuni. Utani ukageuka jina.

Ukiondoa maneno makubwa, kazi ya kituo atamizi ni hiyo hiyo hadi leo. Mwanasayansi au mhandisi mwenye kitu kinachofanya kazi mezani hupewa nafasi kwa kipindi maalumu. Hapo anakuta vifaa asivyoweza kununua peke yake, mhasibu, mwanasheria wa kumsaidia kusajili kampuni na kulinda ubunifu wake, mtu aliyewahi kufanya biashara wa kumwambia ukweli, na mlango wa kuwafikia wawekezaji. Muda ukiisha anatoka, awe tayari au asiwe tayari. Kuku haongezi kitu ndani ya yai. Anazuia baridi tu, mpaka kilichomo kimalize kazi yake.

Afrika Mashariki tuliipokea fikra hii kwa hatua. Tanzania iliunda SIDO mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. iHub ilifunguliwa Nairobi mwaka 2010. Mwaka uliofuata ukaja Buni Hub, katika jengo la Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, Dar es Salaam, ambako ipo pia DTBi, kituo atamizi cha kampuni za tehama. Vijana wengi wamepita humo. Lakini angalia viota hivi vimejengwa wapi, na kwa ajili ya nani. Mtu wa programu za simu anahitaji meza, umeme na intaneti. Mtu wa tanuri anahitaji mashine ya kereza, mahali pa kuchomelea, vipimajoto, na wakulima wenye kahawa mbichi. Kutoka Kayanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300. Kahawa haisafiri umbali huo ili ikajaribiwe.

Hata hivyo Karagwe imewahi kuonja kitu cha jinsi hii, ingawa hakikuitwa kituo atamizi. Katika miaka ya 2010 asasi mbili za hapa, MAVUNO na CHEMA, zilishirikiana na Ingenieure ohne Grenzen, wahandisi wa kujitolea wa Ujerumani, pamoja na watafiti wa chuo kikuu cha ufundi cha Berlin. Walijaribu mitambo ya biogesi inayokula mabaki ya migomba. Walijaribu majiko yanayogeuza kuni kuwa gesi kabla ya kuziunguza, na kubakiza mkaa unaoweza kurudi shambani. Mtafiti Ariane Krause alipima jinsi mbolea zitokanazo na teknolojia hizo zinavyoyasaidia mazao katika udongo wa Karagwe. Jambo la maana ni mahali: jiko lilijaribiwa kwa kuni za hapa, na wapishi wa hapa, karibu na mafundi wa hapa. Kosa lililoonekana asubuhi lingeweza kurekebishwa jioni.

Mradi huwa na mwisho wake, na hapo ndipo kampuni inapaswa kuanza. Hatua hiyo moja, kutoka kwenye kifaa kilichothibitika hadi kwenye biashara inayosimama yenyewe, ndiyo iliyomshinda binamu yangu. Feni yake iliharibika mara moja tu. Kilichomuua ni hewa baridi: kila msaada aliouhitaji ulimfikia kutoka mbali, kwa kuchelewa, na ukamkuta tanuri limeshapoa. Wazee wa matanuri waliielewa shida hiyo. Waliliingiza bomba ndani kabisa.

Krismasi iliyopita nilimletea binamu yangu kipande kimoja cha mavi ya chuma kutoka shambani kwa babu, nikamsimulia habari za mabomba. Alikigeuzageuza chini ya taa ya duka. Nilidhani atabadilisha mazungumzo kama kawaida yake.

"Mabomba yao yaliingia urefu gani?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Alivuta risiti moja, akaigeuza, akaanza kuchora.