Bustani ya Mimea ya Amani na muhogo wa shambani kwako

Bustani ya mimea si mahali pa maua ya kupigia picha tu. Kila mti umepandwa kwa makusudi, umeandikiwa jina na asili yake, na wataalamu wanaufuatilia. Vyuo vikuu kadhaa, kikiwamo Makerere cha Uganda, vina bustani za namna hii. Kwetu Tanzania inayojulikana zaidi ni Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, Tanga.

Wajerumani waliianzisha mwaka 1902, wakijaribu kahawa, mpira, viungo na mkwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia ya bahari, magome ya mkwinini yalitengenezewa hapo hapo dawa ya malaria ya askari wao.

Ila kwa msikilizaji wa Kasulu na Kibondo, habari kubwa ya Amani ni muhogo. Miaka ya 1930, wakati wa Waingereza, mtaalamu H. H. Storey alichunguza hapo batobato na michirizi kahawia. Ugonjwa wa michirizi aliueleza yeye kwa mara ya kwanza, mwaka 1936. Yeye na wenzake wakachanganya muhogo na ndugu yake, mti wa mpira wenye asili ya Brazil. Chotara wa kwanza alistahimili ugonjwa, lakini mizizi yake haikufaa. Ikabidi wamrudishe kwa muhogo wa kawaida, kizazi baada ya kizazi. Mbegu za kazi hiyo zilifika hadi Nigeria, zikatumika kupata aina nyingi zinazostahimili batobato.

Batobato utaiona kwenye majani: mabaka ya njano na kujikunja. Michirizi ni mjanja zaidi. Shina na majani yaweza kuonekana mazima, ukichimba unakuta muhogo una uozo mkavu wa kahawia ndani. Yote mawili huenezwa na inzi weupe, na huenezwa na sisi wenyewe tunapogawiana pingili, iwe kwa jirani au kwa ndugu wa ng'ambo ya Burundi. Kabla ya kupanda, muulize afisa ugani wapi pa kupata pingili safi.

Amani ina doa pia. Mti ambao Waganda huuita musizi ulipandwa huko, hondohondo wakala matunda na kusambaza mbegu, ukavamia msitu wa asili.

Tangu 1997 eneo hilo ni hifadhi ya mazingira asilia. Wageni wanaruhusiwa kwa kiingilio, na barabara ya kupanda mlimani inaanzia Muheza mjini.