Mkahawa wa Mitla

Aghalabu jina la chakula humfuata aliyekisafirisha, si aliyekipika mwanzo. Mwaka 1937, mjini San Bernardino, California, Lucia Rodriguez, mhamiaji kutoka Mexico, alifungua mkahawa mdogo uitwao Mitla Cafe kando ya barabara kuu, Route 66. Taco zake zilikuwa chapati za mahindi zilizokunjwa na kukaangwa, ndani yake nyama, nyanya na jibini.

Mkahawa huo ulikuwa pia baraza la mtaa. Hapo wakazi wenye asili ya Mexico walikutana kudai haki ya watoto wao kuogelea katika bwawa la umma. Mwaka 1944 mahakama iliwapa ushindi.

Ng'ambo ya barabara alikuwapo Glen Bell, muuza hambaga. Alizila taco za Mitla, akajifunza kuzipika, na mwaka 1962 akaanzisha Taco Bell. Wahenga walinena, chema chajiuza. Cha Lucia kilijiuza kweli, ila faida na jina vilivuka barabara.

Nasi wa pwani tusistaajabu. Nafaka ile ile asili yake ni Mexico, nasi twaiita mahindi, kana kwamba ilizaliwa Bara Hindi.