SAFU YA LUGHA: Potwe si nyangumi

Siku hizi matangazo ya utalii na hata taarifa za habari zinatualika Mafia kuogelea na "nyangumi papa". Mnyama huyo hayupo. Kilichotokea ni kwamba mtafsiri alikutana na jina la Kiingereza linalomlinganisha papa huyu na nyangumi kwa ukubwa, akaligeuza neno kwa neno. Angewauliza wavuvi wa Kilindoni, huko huko Mafia, wangemwambia: huyo ni potwe, au papa potwe. Kenya wapo wanaomwita papa shilingi, kwa madoa meupe yaliyotapakaa mgongoni.

Jina la kitaalamu ni *Rhincodon typus*, alilopewa na Andrew Smith mwaka 1828. Potwe ni samaki, tena mkubwa kuliko samaki wote. Anapumua kwa matamvua, anakula planktoni, na mkia wake umesimama wima, anaupiga kushoto na kulia. Nyangumi si samaki: ana mapafu, ananyonyesha, na mkia wake umelala, anaupiga juu na chini. Hata misimu yao haifanani. Potwe huonekana zaidi Mafia kati ya Oktoba na Machi, kaskazi ikitawala. Nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu wakati wa kusi, wakitoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa.

Basi, waandishi wenzangu, andikeni potwe. Neno tunalo, na ni letu.